Waifai ya Bure Imesingiziwa

Kila likizo inapokaribia, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Brussels huletewa ujumbe uleule wa sauti. Msemaji ni mtu mzima, anaanza kwa salamu na dua, kisha anashuka kwenye onyo. Usiunge simu yako na waifai ya uwanja wa ndege wa Zaventem. Usiiunge maktabani. Usifungue benki ukiwa mkahawani. Kuna vijana wamekaa pembeni na kompyuta zao, wanakuvuta pesa hewani huku wewe unakoroga kahawa. Mwisho anakuhimiza ununue VPN, ile programu ya kupitisha mawasiliano yako kwenye njia yake ya siri, na si ajabu akawa na kiungo cha kukuuzia.

Wazee wa makundi hawako peke yao. Onyo hilo limo kwenye vipeperushi, kwenye semina za wageni waliofika karibuni, kwenye vipindi vya redio, na kwenye vinywa vya wapwa zetu waliosoma kompyuta ambao walipaswa kujua zaidi. Limekuwa jambo la adabu: mtu mwenye akili haitumii waifai ya bure, kama vile mtu mwenye akili hali barabarani. Mimi nasema onyo hilo limepitwa na wakati, na tena lina madhara. Linawakesheza watu kwenye dirisha ambalo mwizi hapiti, na huku nyuma mlango uko wazi.

Haki itendeke kwanza: zamani lilikuwa kweli. Oktoba 2010 mtaalamu wa programu wa Marekani, Eric Butler, alitoa kiongezo kidogo cha kivinjari cha Firefox alichokiita Firesheep. Ukikiweka kwenye kompyuta na kukaa mkahawani penye waifai isiyo na neno la siri, majina na picha za watu waliokuzunguka yalijipanga kando ya skrini yako. Ukibofya jina la mtu, umeingia kwenye Facebook yake kana kwamba wewe ndiye yeye. Ujuzi haukuhitajika, ukorofi ulitosha. Tovuti nyingi siku hizo zilisimba ukurasa wa kuingilia tu. Ukishaingia, mambo yote yaliyobaki yalipita hewani waziwazi, pamoja na kile kitambulisho kidogo ambacho tovuti humpa mtu iliyekwisha kumtambua. Butler hakuwa mwizi. Alitaka kuziaibisha kampuni kubwa, na zikaona aibu kweli.

Gmail ilikuwa imeshaanza kusimba kila kitu Januari ya mwaka huohuo. Facebook ilifuata kwa watu wote 2013. Mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt likaanza kugawa bure vyeti vya usimbaji ambavyo awali vilikuwa vikiuzwa, na hapo hata duka dogo la vitenge la mtaa wa Matonge hapa Brussels likakosa kisingizio. WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa mtumaji hadi mpokeaji Aprili 2016. Julai 2018 Chrome ilianza kuziandika tovuti zisizosimbwa kwamba si salama, mbele ya macho ya mteja. Leo zaidi ya kurasa 9 katika kila 10 zinazofunguliwa kwa Chrome zimesimbwa. Shirika la EFF la Marekani, ambalo kazi yake ni kuhofia upelelezi mchana na usiku, lilitangaza mwaka 2020 kwamba waifai ya umma ni salama kuliko watu wanavyodhani. Tume ya Biashara ya Marekani nayo, baada ya miaka ya kuhubiri hofu, ilibadili mwongozo wake mwaka 2023 na kusema kwamba kwa kawaida kutumia waifai ya umma ni salama. Ujumbe wa sauti wa kwenye makundi bado uko mwaka 2010.

Usimbaji huo unafanya nini hasa? Mtu wa Dar es Salaam anayempelekea dada yake mzigo Bukoba humkabidhi kondakta wa basi. Kondakta anajua mzigo umetoka kwa nani, unakwenda kwa nani, una uzito gani. Akiwa mbea atayasema hayo yote njiani. Lakini sanduku lina kufuli, na ufunguo uko Bukoba. Waifai ni kondakta huyo. Mwenye ruta, au kijana aliyekaa pembeni na kompyuta yake, anaweza kuona kwamba umefungua benki fulani saa nne na dakika kumi. Salio lako haoni, namba yako ya siri haoni, na jina la uliyemtumia pesa halijui. Akijaribu kujifanya yeye ndiye benki, programu ya benki itakikagua cheti chake, itakiona si chenyewe, na itagoma. Ugomvi huo unaamuliwa ndani ya simu kabla hujajua kwamba ulikuwepo.

Hapo ndipo mpinzani mwenye kusoma anaponikata kauli. Na yule wa Leuven? Kweli, siwezi kuandika habari hizi nikiwa Ubelgiji nikamruka Mathy Vanhoef. Oktoba 2017 mtafiti huyo wa chuo kikuu cha KU Leuven, mwendo mfupi wa treni kutoka Brussels, alitangaza pamoja na Frank Piessens udhaifu walioupa jina KRACK. Dunia ikatetemeka: waifai imevunjwa! Mei 2021 akaongeza mengine, FragAttacks, makosa ambayo baadhi yake yalikuwamo kwenye kanuni za waifai tangu 1997. Kila habari kama hiyo inapotoka, wenye hofu huichukua kama ushahidi wa kesi yao.

Lakini wasome alichokivunja. KRACK ilishambulia WPA2, yaani ulinzi wa waifai zenye neno la siri: ile ya sebuleni kwako, ile ya ofisini, ile unayoiamini. Waifai ya wazi ya mkahawani haikuguswa na KRACK kwa sababu haikuwa na usimbaji wake wa kuvunjwa. Kama ugunduzi wa Leuven unatuambia tukimbie waifai, basi tuanze kuikimbia ya nyumbani. Naona hakuna aliyehama nyumba. Na kilichotuokoa 2017, wakati watengenezaji wa simu wakihangaika kuziba tundu, ni kwamba karibu kila kitu cha maana kilikuwa kimeshasimbwa juu ya waifai, na tabaka hilo halijali kama chini yake kuna ruta ya jirani, ya manispaa au ya jambazi. Mimi kwa Vanhoef najifunza hivi: usiitegemee waifai ikulinde, iwe ya bure au ya kulipia. Hofu ya mkahawa siioni mahali popote katika kazi yake.

Tena mtu huyohuyo, Agosti 2023, alionyesha pamoja na wenzake mashambulizi waliyoyaita TunnelCrack. Safari hii walioumbuka ni VPN. Mwenye kuimiliki waifai aliweza kuilaghai VPN iache sehemu ya mawasiliano yapite nje ya njia yake ya siri, na mteja asijue. Mei 2024 watafiti wa kampuni ya Leviathan Security wakaonyesha jingine linalofanana nalo, TunnelVision. Kwa hiyo dawa inayouzwa kwa ajili ya waifai ya bure ilikutwa na tundu kwenye waifai hiyohiyo ya bure. Sijausikia ujumbe wa sauti unaolisema hilo.

Na hii biashara ya VPN inastahili kukaliwa kidogo, maana nusu ya hofu yetu imetengenezwa na matangazo yake. VPN haimwondoi kondakta kwenye basi. Inamleta mwingine, anayekaa nchi usiyoijua, ambaye sasa ndiye anayeona kila unakokwenda. Huenda ni mwaminifu. Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO ya Australia na wenzao walizichunguza programu 283 za VPN za simu za Android: asilimia 38 zilikutwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba chochote. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure yenye jina la kuwalinda, na kupitia humo ikawa inatazama ni programu gani za washindani wake zinapendwa. Apple iliikataa 2018 na mwaka uliofuata ikafungwa. Hao walioitumia walikuwa wamefuata ushauri mzuri wa kujilinda.

VPN ina kazi yake ya halali, nayo ni kuruka kuta. Waganda waliijua vizuri Julai 2018, walipotozwa shilingi 200 kwa siku ili wafungue mitandao ya kijamii, na wakaijua tena wakati wa uchaguzi wa 2021. Lakini ndugu wa Brussels anayemtumia shemeji yake wa Dar ujumbe wa kumhimiza aweke VPN ili waifai ya hoteli isimdhuru ajue anachokifanya: tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inataka VPN ziandikishwe, na kanuni zinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Umemkinga shemeji na mwizi wa kufikirika, ukamsogeza karibu na polisi wa kweli.

Sikatai kwamba kuna visa vya kweli vya waifai. Viko, na vinasomeka vizuri zaidi kuliko wanavyovisoma. Novemba 2013 mdukuzi mmoja aliieleza tovuti ya habari ya Mediapart ya Ufaransa jinsi alivyosoma barua pepe za watu wa Bunge la Ulaya kule Strasbourg. Alikaa karibu na jengo, akazifanya simu zao ziungane na kompyuta yake. Bunge likaizima waifai yake ya umma, na hapa Brussels kisa hicho bado kinasimuliwa kama hadithi ya zimwi. Swali ni aliingiaje kwenye barua pepe zilizosimbwa. Kwa maelezo yake, skrini ilitoa onyo kwamba cheti si sahihi, na mwenye simu akabonyeza kukubali. Kufuli halikuvunjwa, mwenye sanduku alilifungua kwa mkono wake. Leo programu nyingi hazikupi hata nafasi ya kubonyeza hivyo.

Na Australia, mwaka 2024, polisi wa shirikisho walimshitaki mtu wa magharibi mwa nchi aliyekuwa akiweka waifai za kughushi kwenye viwanja vya ndege na hata ndani ya ndege. Abiria aliyeungana nayo aliletewa ukurasa unaomtaka aingie kwa barua pepe yake au akaunti ya mtandao wa kijamii. Waliojaza, waliibiwa. Yaani hata mwizi aliyekuwa na waifai yake mwenyewe, mkononi, futi chache kutoka kwa abiria, hakuweza kuyanyonya maneno yao ya siri hewani. Ilimbidi awaombe.

Karibu wizi wote wa siku hizi ni wa kuomba. Ubelgiji nzima inaombwa kila siku. Safeonweb, huduma ya Kituo cha Usalama wa Mtandao cha nchi hii, ilipelekewa na wananchi karibu jumbe milioni 10 za kutilia shaka mwaka 2023. Febelfin, chama cha mabenki, kilihesabu karibu yuro milioni 40 zilizoibwa kwa hadaa za mtandaoni mwaka 2022. Fedha hizo hazikunaswa mkahawani. Ulikuja ujumbe wa kughushi wa bpost, shirika la posta, kwamba kifurushi chako kimekwama, lipa yuro mbili. Au simu ya mtu mpole anayejiita afisa wa benki, anayekwambia akaunti yako inashambuliwa sasa hivi, hebu chukua kile kisomaji cha kadi, ingiza kadi, bonyeza kitufe cha M2, nisomee tarakimu. Au anakwambia thibitisha kwenye itsme, programu ya utambulisho ya simuni, na wewe unathibitisha, kwa kidole chako, ukiwa nyumbani, kwenye waifai yako yenye neno la siri refu kama anuani ya Kiflemi. Au "Mama, simu yangu imeanguka majini, hii ndiyo namba yangu mpya." Mama anatuma.

Msomaji wa Tanzania anacheka, maana hii ni ile "hela yenyewe tuma kwenye namba hii" iliyovaa koti la baridi. Mkenya aliyeshapigiwa simu na tapeli wa M-Pesa anaijua sauti hiyo. Tapeli wa Afrika Mashariki hajawahi kuhitaji waifai. Amehitaji sauti ya upole na mtu mwenye haraka. Wa Ulaya ni ndugu yake.

Atakuja mwingine aniambie: hayo ni ya wezi wadogo, lakini sisi wengine tuna maadui wakubwa. Ni kweli, na Brussels ina watu wa Maziwa Makuu wenye sababu ya kusema hivyo. Basi tutazame walivyopatikana. Septemba 2021 ilijulikana kwamba idara ya ujasusi wa kijeshi ya Ubelgiji ilikuta kwenye simu za mwandishi Peter Verlinden na mkewe Marie Bamutese, mzaliwa wa Rwanda, dalili za programu ya kijasusi ya Pegasus, na ikaona kwamba yumkini Rwanda ndiyo iliyohusika. Miezi miwili kabla yake maabara ya Amnesty ilikuwa imeikuta Pegasus kwenye simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mpinzani wa serikali ya Rwanda, simu iliyokuwa ikipelelezwa hata alipokwenda kuonana na Waziri wa Mambo ya Nje wa Ubelgiji wa wakati huo, Sophie Wilmès. Rwanda imekana. Lakini Pegasus haikai mkahawani ikikungoja. Inaweza kuingia kwa ujumbe usioonekana, bila wewe kubofya chochote, ukiwa umelala, ukiwa na bando lako mwenyewe. Anayemwambia mwanaharakati wa Kivu au wa Kigali kwamba akiikwepa waifai ya maktaba amejilinda anamdanganya vibaya. Aisasishe simu siku sasisho linapotoka. Akiwa mtu wa kuwindwa hasa, awashe ile hali ya kujifungia ambayo iPhone inayo tangu 2022.

Hata Belgacom yenyewe, kampuni ya simu ya taifa kwa jina la wakati huo, iliyokuwa na kampuni tanzu ya BICS iliyopitisha simu za mitandao ya dunia nzima, ya Afrika ikiwemo, ilipodukuliwa na majasusi wa GCHQ wa Uingereza kwa ushahidi wa nyaraka alizozivujisha Snowden mwaka 2013, mlango ulikuwa wahandisi wake: waliletewa kurasa za kughushi za LinkedIn. Waliokuwa wakikwepa waifai ya Grand-Place mwaka ule, wakapiga simu kwa kuamini usalama wa laini zao, walikuwa wakizungumza ndani ya nyumba iliyokwisha kuingiliwa.

Lililo la kulalamikia kwenye waifai ya bure lipo, ila ni jingine. Ni ule ukurasa wa duka unaotaka jina, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa ndipo upewe nusu saa ya mtandao. Hapo unalipa, na mnunuzi wa taarifa zako anajua bei. Mpe barua pepe usiyoitumia kwa jambo lolote, au uende zako. Umoja wa Ulaya, ulipoanzisha WiFi4EU kwa kuzipa manispaa hundi za yuro 15,000, ulipiga marufuku matangazo na biashara ya taarifa za watumiaji. Kwa hili nausifu, jambo nisilolifanya mara nyingi.

Sasa, nani analipa gharama ya hofu hii? Si afisa wa Tume ya Ulaya. Yeye ana bando lisiloisha na hajui waifai ya bure inafananaje. Anayelipa ni aliyefika juzi. Baada ya mashambulizi ya Machi 2016 Ubelgiji iliondoa laini zisizo na jina, na siku hizi huwashi laini ya kulipia kabla bila kitambulisho kinachokubalika. Waliopitia kituo cha waomba hifadhi cha Petit-Château, waliolala kwenye bustani ya Parc Maximilien, wanajua maana ya kuwa na simu isiyo na laini: mtandao ni ule wa stesheni, wa maktaba, wa wifi.brussels, au hakuna. Kwa mtandao huo wanamsikia mama yao Uvira, wanasoma barua ya wakili, wanatafuta kitanda cha usiku. Kisha anatokea mtu mwenye nia njema akawaambia wasiuguse. Wengine wanatii. Anachofanya aliyetii ni kwenda kwenye duka la simu na kompyuta za kukodi, kufungua barua pepe yake kwenye kompyuta iliyoguswa na watu mia ambayo mwenyewe hajui imewekwa nini ndani, na kusahau kutoka. Hiyo ndiyo hatari ya kweli niliyoiona ikipendekezwa kama usalama. Simu yako mwenyewe kwenye waifai ya mgeni ni bora mara nyingi kuliko kompyuta ya mgeni kwenye waifai yoyote.

Nitaambiwa hadhari haigharimu kitu. Inagharimu. Mtu ana nafasi ya kushika mafunzo matatu manne ya usalama, si arobaini. Ukimpa la waifai likakaa, lingine limekosa pa kukaa. Nimewasikia watu wanaoweza kukueleza kinaganaga hatari za mtandao wa uwanja wa ndege, na hawajui kwamba benki haiombi tarakimu za M2 kwa simu. Hawajui namba ya Card Stop, 078 170 170, ambayo ukiipiga mapema inaifunga kadi kabla tapeli hajamaliza kazi. Wanatumia neno la siri moja kwa barua pepe, kwa Facebook na kwa duka la viatu. Simu zao zina miaka haijasasishwa. Lakini waifai ya maktaba, hawaigusi!

Kwa hiyo ninaowaomba ni hao wanaoendesha semina misikitini, makanisani na kwenye vyama vyetu vya Ixelles na Molenbeek. Ondoeni ile saa ya waifai na VPN. Wekeni mezani kisomaji cha kadi, mmoja ajifanye afisa wa benki, mwingine ajifanye shangazi mwenye wasiwasi, na shangazi afundishwe kukata simu bila kuona haya, kisha aipigie benki mwenyewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Rudieni mpaka ukali umkae mdomoni. Dakika zitakazobaki kila mtu asasishe simu yake palepale, na ili bando za watu zisiishe, tumieni waifai ya bure ya ukumbini.